Faini ya Kamera ya Mwendo Katika Eneo la Ujenzi wa Barabara, Maryland: Mwongozo kwa Mwenye Gari

Mwenye gari anayeishi katika jimbo la Maryland, Marekani, au anayepita humo akielekea Virginia, Pennsylvania au Washington, anaweza kutozwa faini ya mwendokasi bila kusimamishwa na askari yeyote. Kamera iliyowekwa kando ya barabara kuu inayofanyiwa ukarabati hupima mwendo wa gari na kupiga picha ya namba yake, kisha bahasha hutumwa kwa posta hadi nyumbani. Dereva aliyezoea askari wa trafiki mwenye tochi, ambaye humsimamisha na kumwonyesha mwendo wake papo hapo, huweza kuiona bahasha hiyo kuwa tangazo la biashara na kuiacha juu ya kabati pamoja na barua nyingine zisizosomwa. Hapo ndipo tatizo dogo linapoanza kukua, hasa kwa familia zetu za wahamiaji, ambamo gari moja husajiliwa kwa jina la mtu mmoja na kuendeshwa na ndugu wanne.

Mwongozo huu unahusu kamera za maeneo ya ujenzi kwenye barabara kuu za jimbo, zilizo chini ya mpango unaoitwa SafeZones. Kamera za maeneo ya shule na za mitaani zina sheria zake na viwango vyake, kwa hiyo usichanganye.

Elewa kwanza unadaiwa nini, na kwa sababu gani

Maryland iliruhusu kamera hizi mwaka 2009, na kwa miaka mingi faini ilikuwa dola 40, bila kujali dereva alizidisha mwendo kwa kiasi gani. Tarehe 22 Machi 2023, katika barabara ya mzunguko ya Baltimore, I-695, karibu na Woodlawn, magari mawili yaliyokuwa yakienda kasi inayozidi maili 100 kwa saa yaligusana, na moja likapita kwenye uwazi wa kingo za zege na kuingia ndani ya eneo la ujenzi. Wafanyakazi sita waliokuwa kazini walikufa. Kikomo cha mwendo mahali hapo kilikuwa maili 55. Jimbo liliunda kikosi kazi, na mwaka uliofuata likapitisha sheria mpya ya kuwalinda wafanyakazi wa barabarani, ambayo ilipandisha faini hadi dola 80 kuanzia Juni 2024 na kuleta viwango vya ngazi kwa ngazi kuanzia Januari 2025. Ninaona ni vyema msomaji ajue historia hii, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kamera hizi ziliwekwa kwa ajili ya kukusanya fedha tu, na imani hiyo huwafanya wavidharau vibao vya rangi ya chungwa vinavyotangaza eneo la ujenzi.

Kamera hutoa hati ya faini pale tu gari linapozidi kikomo kilichobandikwa kwa maili 12 kwa saa au zaidi. Anayezidisha kwa maili 12 hadi 15 hulipa dola 60. Kwa maili 16 hadi 19, dola 80. Kwa maili 20 hadi 29, dola 140. Kwa maili 30 hadi 39, dola 270. Na anayezidisha kwa maili 40 au zaidi hulipa dola 500. Iwapo wafanyakazi wapo kazini wakati huo, kila kiwango huongezeka mara mbili, kwa hiyo dola 60 huwa 120 na dola 500 huwa 1,000. Chukua mfano wa kikomo cha maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80: aliyepita kwa maili 62 ameingia katika ngazi ya kwanza, na aliyepita kwa maili 70 yuko tayari katika ngazi ya tatu, ambayo ni dola 280 ikiwa mafundi wapo barabarani.

Jambo ambalo madereva wengi hulikosea ni kudhani kwamba usiku, au siku ya Jumapili ambapo hakuna fundi anayeonekana, kamera imezimwa. Katika Maryland kamera inaweza kufanya kazi saa zote, kwa kuwa leni zilizobanwa, mabega ya barabara yaliyofungwa na kingo za zege zilizosogezwa hubaki pale hata wafanyakazi wakienda nyumbani, na aliye hatarini zaidi saa hizo ni dereva mwenyewe na abiria wake.

Hatua ya kwanza: punguza mwendo kabla ya kuingia

Eneo la ujenzi hutangazwa mapema kwa vibao vya rangi ya chungwa, na vibao maalumu huonya kwamba mwendo unapimwa kwa picha. Kikomo kinachokuhusu ni kile kilichoandikwa kwenye kibao cheupe ndani ya eneo lenyewe, ambacho mara nyingi ni cha chini kuliko ulichokiona maili chache nyuma. Ukiona kibao cha kwanza cha chungwa, ondoa mguu kwenye mafuta, zima kifaa kinachoshikilia mwendo wa gari, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na ingia katika leni utakayobaki nayo wakati bado kuna nafasi ya kufanya hivyo bila kumsukuma mwingine. Kaa na mwendo huo hadi upite kibao kinachosema kazi ya barabara imeisha. Wengi hunaswa katikati ya eneo, baada ya kupita sehemu ndefu isiyo na mtu na kudhani kwamba ujenzi umekwisha.

Dereva wa teksi za mtandaoni au wa kusambaza vifurushi, ambaye hulipwa kwa idadi ya safari, atasema hana muda. Hesabu yake ni hii: katika eneo lenye urefu wa maili 5 na kikomo cha maili 55, anayeendesha kwa maili 70 badala ya 55 huokoa dakika moja na sekunde kumi hivi, na kwa kufanya hivyo huweka rehani dola 60, au 120. Kwa mwendo huo wa maili 70 gari hukata zaidi ya mita 30 kila sekunde, na sekunde mbili za kutazama simu kuona oda mpya zinatosha kulipitisha urefu wa zaidi ya mita 60 bila dereva kuona kilicho mbele.

Wala usiichukue nafasi ile ya maili 11 kuwa ruhusa. Kikomo ni kikomo, na askari wa jimbo anaweza kukusimamisha kwa kukizidi hata kidogo. Hati ya askari ni jambo zito kuliko ya kamera, kwa kuwa huleta pointi, yaani alama za makosa, katika rekodi yako ya udereva na huweza kupandisha bima.

Hatua ya pili: hakikisha anwani yako ni sahihi

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayowaumiza watu. Hati ya faini hutumwa kwa anwani iliyo katika usajili wa gari, ile iliyopo kwenye kumbukumbu za idara ya magari ya jimbo, MVA. Ukihama nyumba, sheria ya Maryland inakutaka uiarifu idara hiyo ndani ya siku 30. Kubadilisha anwani posta peke yake hakutoshi, kwa kuwa MVA haitabadilisha kumbukumbu zake kwa sababu hiyo.

Wageni wengi huhama mara kwa mara katika miaka yao ya kwanza, kutoka kwa mwenyeji aliyewapokea hadi chumba cha kupanga, kisha hadi nyumba ya familia. Barua huendelea kwenda kwenye anwani ya kwanza, na mwenye gari hujua kwamba anadaiwa siku anapokwenda kuhuisha usajili na kukataliwa. Kubadilisha anwani hufanyika mtandaoni kwa dakika chache. Ifanye wiki hiyo hiyo unayohama, kwa leseni na kwa kila gari lililo kwa jina lako.

Hatua ya tatu: barua ikifika, hakikisha ni halisi

Hati ya kamera hutumwa kwa posta. Ujumbe wa simu unaodai kwamba una faini au ushuru wa barabara ambao haujalipwa, ukikutaka ubonyeze kiungo na ulipe leo kabla leseni haijafungwa, uchukulie kuwa ni wa matapeli. Ujumbe wa namna hii umesambazwa sana Marekani, na unawalenga wote, wenye magari na wasio na magari. Futa, usijibu, na umweleze mzazi au mgeni aliye nyumbani kwako afanye vivyo hivyo, kwa sababu hofu ya kuvunja sheria katika nchi ya ugenini huwafanya watu wema walipe haraka.

Hati halisi ina namba yake, namba ya gari, tarehe, saa, mahali, mwendo uliopimwa, kikomo cha eneo, kiasi cha faini, tarehe ya mwisho ya kulipa au kuomba kusikilizwa, na picha. Tovuti ya kulipia ni ile iliyochapishwa kwenye karatasi hiyo. Iandike mwenyewe kwenye kivinjari badala ya kutafuta na kubonyeza tangazo la kwanza litakalojitokeza. Kisha andika tarehe ya mwisho mahali ambapo familia nzima itaiona.

Hatua ya nne: kagua picha kwa makini

Usilipe kabla ya kutazama picha. Sheria ya Maryland inataka angalau picha mbili zenye muhuri wa muda, zinazoonyesha gari pamoja na kitu kisichosogea kilicho karibu nalo, ili aliyepewa hati aweze kuona kwamba gari lilisogea na kwa kiasi gani. Angalia kama namba inasomeka na ni yako kweli, kama rangi na aina ya gari ni yenyewe, na kama hakuna gari jingine lililokuwa sambamba nalo kwa namna inayotia shaka.

Ukaguzi huu una sababu yake. Mwaka 2012 gazeti la Baltimore Sun lilifichua kwamba kamera za mji wa Baltimore, ambazo ni tofauti na hizi za barabara kuu, zilikuwa zikitoa hati zenye makosa, ikiwemo moja ya gari lililokuwa limesimama kwenye taa nyekundu. Mji ulisimamisha kamera zake mwaka 2013, na mwaka 2014 sheria ya jimbo ikakazwa. Leo hati za SafeZones hupitiwa na polisi wa jimbo kabla ya kutumwa, na vifaa hutakiwa kupimwa usahihi wake kila mwaka na maabara huru. Makosa kwa hiyo ni machache, lakini haki ya kukagua bado ni yako, na haikugharimu chochote.

Hatua ya tano: chagua njia moja kati ya tatu

Ikiwa ni wewe uliyeendesha na picha haina shaka, lipa. Hati hii ni ya madai, haihusiani na jinai. Haileti pointi, haiingii katika rekodi yako ya udereva, na sheria inakataza kampuni ya bima kuitumia dhidi yako. Lipa kwa njia iliyotajwa kwenye karatasi na utunze uthibitisho wa malipo. Picha ya skrini iliyohifadhiwa kwenye barua pepe inatosha. Usitume fedha taslimu ndani ya bahasha.

Ikiwa aliyeendesha ni mtu mwingine, mambo yanahitaji uangalifu zaidi. Kamera haimjui dereva. Inajua namba ya gari, na sheria humdai mwenye gari. Unaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba hukuwa ukiendesha, lakini si kwa kusema hivyo kwa mdomo wala kwa kupiga simu. Sheria inataka barua ya kiapo, itumwe kwa rejesta na yenye risiti ya kuthibitisha kupokewa, ikieleza kwamba hukuwa dereva wakati huo, ikitaja jina na anwani ya aliyeendesha, na ikiwezekana namba ya leseni yake, pamoja na ushahidi mwingine wowote ulio nao. Mtu huyo anaweza kutumiwa hati kwa jina lake.

Katika familia na jumuiya zetu, kumtaja ndugu kwa maandishi mbele ya mahakama ni jambo gumu, na watu wengi huona afadhali walipe wao. Uamuzi huo ni wa kwako, na kwa kuwa hakuna pointi zinazoingia kwa yeyote, mara nyingi njia nyepesi ni dereva kukurudishia fedha nawe ukalipa. Lakini mkubaliane kabla, yaani siku ile unapompa funguo: kila faini ya kamera itakayotokea katika saa zake ni ya kwake, na ataonyeshwa picha yenye tarehe na saa ili pasiwe na ubishi. Anayekodisha gari lake kwa dereva wa teksi kwa malipo ya wiki aliandike sharti hilo katika makubaliano, na aweke daftari la nani alikuwa na gari siku gani, kwa kuwa barua hufika baadaye, wakati ambapo dereva huenda ameshabadilika. Usiape kamwe kwa jina la mtu ambaye hakuendesha, hata kama amekubali, kwa sababu kiapo cha uongo ni kosa la jinai na ni hatari zaidi kwa mtu ambaye hadhi yake ya uhamiaji bado haijakamilika.

Gari au namba zake zikiwa zimeibwa kabla ya tukio, huo nao ni utetezi unaotambuliwa, ila utahitaji taarifa ya polisi. Ndiyo maana namba ya gari ikipotea inapaswa kuripotiwa siku hiyo hiyo, hata kama unadhani ilidondoka tu.

Ikiwa unaamini hati ina kosa, omba kusikilizwa katika Mahakama ya Wilaya ya Maryland kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kufuata maelekezo yaliyo kwenye karatasi yenyewe. Ukitaka mwendeshaji wa kamera afike mahakamani kutoa ushahidi, uiarifu mahakama na jimbo kwa maandishi siku zisizopungua 20 kabla ya kusikilizwa. Mahakama za Maryland hutoa mkalimani bila malipo kwa anayemhitaji, na Kiswahili kinaweza kuombwa. Peleka maombi mapema, angalau mwezi mmoja kabla, na usitegemee kijana wako wa sekondari akutafsirie mbele ya hakimu. Nenda na picha zilizochapishwa, hati ya usajili na ushahidi wowote wa mahali ulipokuwa. Fahamu pia kwamba ukishindwa unaweza kuongezewa gharama za mahakama, na kwamba hoja ya kuwa kila mtu alikuwa akienda kasi haijawahi kuwa utetezi. Hoja zenye uzito ni gari kutokuwa lako, namba kusomwa vibaya, wizi, au kasoro ya kifaa.

Hatua ya sita: kama umechelewa

Faini isiyolipwa wala kupingwa hufika MVA, ambayo inaweza kukataa kuhuisha au kuhamisha usajili wa gari, au kuusimamisha. Kuanzia hapo kila safari ni hatari, kwa kuwa ukisimamishwa ukiwa na usajili uliofungwa, unakabiliwa na askari na kosa jipya, wakati mwanzoni ulidaiwa dola 60 tu. Usijifiche. Tafuta hati zote zinazodaiwa kwa kutumia namba ya gari, lipa pamoja na nyongeza zilizowekwa, kisha uhakikishe na MVA kwamba zuio limeondolewa kabla ya kuendesha. Anayenunua gari lililotumika kutoka kwa mtu aulizie jambo hili kabla ya kutoa fedha.

Gari la kukodi hufuata njia yake: hati hufika kwa kampuni, nayo humtaja aliyelikodi au hulipa na kukata kwenye kadi yake pamoja na ada ya usumbufu. Soma mkataba.

Ukivuka mpaka wa jimbo

Virginia huruhusu kamera katika maeneo ya ujenzi pale tu wafanyakazi wanapokuwepo. Hati hutolewa kuanzia maili 10 juu ya kikomo, na faini haizidi dola 100. Pennsylvania nayo hupima kwenye maeneo yenye wafanyakazi, kwa vifaa vilivyofungwa kwenye magari yaliyoegeshwa, na hati hutolewa kuanzia maili 11 juu ya kikomo: mara ya kwanza mwenye gari hupata barua ya onyo, mara ya pili dola 75, na kuanzia ya tatu dola 150. Barua ile ya onyo haina malipo, na kwa sababu hiyo wengi huitupa bila kumwonyesha dereva aliyehusika, ingawa ndiyo inayohesabiwa kuwa kosa la kwanza la gari hilo.

Katika Pennsylvania, dereva aliyekamatwa na askari na kutiwa hatiani kwa kuzidisha maili 11 au zaidi kwenye eneo la ujenzi lenye wafanyakazi hupoteza leseni kwa siku 15, na kwa mtu anayeishi kwa usukani hizo ni wiki mbili bila kipato. Jimbo hilo linataka pia taa za mbele ziwashwe ndani ya maeneo hayo hata mchana, kwa hiyo ukivuka mpaka kutoka Maryland kwa barabara ya I-83 na kukuta vibao vya ujenzi, washa taa kwanza, ndipo uangalie kipima mwendo.